John Jay, Paris 1782: mjumbe aliyekiuka maelekezo ya waliomtuma

Tarehe 30 Novemba 1782, ndani ya Grand Hôtel Muscovite mjini Paris, Wamarekani wanne walitia saini mapatano ya awali ya amani na Uingereza. Aliyesaini kwa upande wa Mfalme George wa 3 alikuwa mfanyabiashara mzee wa Kiskoti, Richard Oswald. Vita vya miaka saba na ushei vilikuwa vinaelekea ukingoni, na nchi mpya ilikuwa imepata ardhi mpaka kwenye mto Mississippi, kuliko hata marafiki zake walivyotegemea. Ila kulikuwa na kasoro moja. Kongresi iliyowatuma hao wanne ilikuwa imewaamuru, kwa maandishi, wasifanye jambo lolote katika mazungumzo ya amani bila Ufaransa kujua na kuridhia, na mwisho wa yote waongozwe na ushauri wa serikali ya Ufaransa. Wao walizungumza, wakabishana, wakakubaliana, ndipo wakampasha habari waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa jioni ya kuamkia siku ya saini.

Aliyewasukuma kwenye njia hiyo hakuwa Benjamin Franklin, mzee wa miaka 76 ambaye Paris nzima ilimpenda. Wala hakuwa John Adams, aliyefika mjini mwishoni mwa Oktoba mambo yakiwa yamekwisha kuiva. Alikuwa John Jay, wakili wa New York mwenye miaka 36, mtu mkavu, mwenye dini, asiyejua sana kuchangamsha baraza.

Je, alifanya sawa? Jibu la haraka ni kwamba alipata Mississippi, kwa hiyo alifanya sawa. Jibu hilo halinitoshi. Mtu anaweza kuvuka barabara amefumba macho akafika salama, na bado hatuwezi kumsifu kwa busara yake. Kisa hiki kinahitaji kuulizwa polepole zaidi: Jay alishuku nini, alivunja nini hasa, na bili ililipwa na nani.

Kusubiri Madrid

Wengi wanaomsimulia Jay huanza na ukoo. Babu yake, Auguste Jay, alikuwa Mprotestanti wa La Rochelle aliyeikimbia Ufaransa baada ya Louis wa 14 kuwafutia Waprotestanti uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Basi husemwa kwamba mjukuu alizaliwa na kinyongo na Ufaransa. Hoja hiyo inavutia lakini haiendani na rekodi. Jay alipokuwa Rais wa Kongresi, kuanzia Desemba 1778 hadi Septemba 1779, alihesabiwa upande wa marafiki wa Ufaransa. Alipoteuliwa kwenda Hispania alisafiri chombo kimoja na balozi wa kwanza wa Ufaransa nchini Marekani, Conrad Alexandre Gérard, aliyekuwa akirejea kwao. Manowari yao, Confederacy, ilivunjika milingoti katikati ya bahari mwezi Novemba 1779, ikajikokota mpaka Martinique, na kutoka hapo wakapanda meli ya Kifaransa hadi Cádiz. Shikeni jina la Gérard. Mdogo wake atatokea mbele.

Kilichombadilisha Jay ni Madrid. Hispania ilikuwa vitani na Uingereza tangu 1779, lakini ikiwa mshirika wa Ufaransa, si wa Marekani. Ilikuwa na makoloni yake yenyewe upande wa pili wa bahari na haikutaka kuyafundisha uasi. Waziri mkuu wake, Floridablanca, alimwona Jay, alimsikiliza, alimpa ahadi, lakini hakumpokea rasmi hata siku moja kama mjumbe wa nchi huru.

Huku nyuma Kongresi ilikuwa haina kitu mfukoni. Novemba 1779, kabla Jay hajatia mguu Hispania, iliamua kutoa hati za hawala za pauni 100,000 zilipwe naye, kwa matumaini kwamba akifika Wahispania watamjazia mkoba. Fikirieni hali ya huyu mtu: wafanyabiashara wanabisha hodi na hati zenye jina lake, tarehe ya kulipa inakaribia, na yeye hana cha kuwapa. Hispania ilitoa, kwa kudonyoa, kama dola 170,000 tu kwa muda wote aliokaa. Machi 1782 baadhi ya hati hizo zilishindwa kulipwa hadharani, na aliyekuja kumwokoa ni Franklin, kwa fedha za Ufaransa. Katikati ya hayo Jay na mkewe Sarah walimzika mtoto wao wa kike aliyezaliwa Madrid mwaka 1780, angali mchanga kabisa.

Na kila fedha zilipozungumzwa, Mississippi nayo ilizungumzwa. Hispania ilitaka mto ule uwe wake, na Wamarekani waufute katika hesabu zao. Jay aliondoka pale akiwa amejifunza kwamba mfalme akikusaidia vitani, ana hesabu yake mwenyewe ya jinsi anavyotaka uwe ukubwani. Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jay angekubali, halafu angeuliza rafiki huyo anataka nini dhiki ikiisha.

Minyororo mitatu

Franklin alimwita Paris masika ya 1782 na Jay akafika tarehe 23 Juni, akaangushwa na mafua makali yaliyokuwa yakizunguka Ulaya. Ili kuelewa alichokikuta inabidi kupanga karatasi tatu mezani.

Ya kwanza ni mkataba wa Februari 1778 kati ya Marekani na Ufaransa. Uliahidi kwamba hakuna atakayefanya amani na Uingereza bila ridhaa ya mwenzake. Hii ndiyo ahadi kubwa, ahadi ya taifa kwa taifa.

Ya pili hawakuonyeshwa Wamarekani. Aprili 1779, huko Aranjuez, Ufaransa iliiahidi Hispania kwa siri kwamba haitaacha vita mpaka Hispania irudishiwe Gibraltar. Ukiziunganisha karatasi hizi mbili unapata jambo la ajabu: Mmarekani hawezi kupata amani bila Mfaransa, Mfaransa hawezi bila Mhispania, na Mhispania hawezi bila jabali lililo kwenye mlango wa Mediterania. Mkulima wa Virginia alikuwa amefungwa kwenye Gibraltar bila kujua.

Ya tatu ni maelekezo ya Kongresi ya tarehe 15 Juni 1781. Yaliandikwa wakati vita vinakwenda vibaya, miezi minne kabla ya ushindi wa Yorktown, hazina ikiwa tupu na balozi wa Ufaransa, La Luzerne, akipita mlango hadi mlango kuwashawishi wawakilishi. Ndipo wajumbe wakaambiwa wajiongoze kwa ushauri wa Ufaransa. Nchi iliyoasi ili ijitawale ilikuwa imekabidhi kalamu yake kwa waziri wa mfalme mwingine. Jay aliyaona maelekezo hayo kuwa ni fedheha, na aliandika hivyo, lakini hakujiuzulu.

Upande wa Uingereza, Waziri Mkuu Rockingham alifariki tarehe 1 Julai na Shelburne akashika nafasi. Shelburne alitaka kuimaliza vita ya Marekani ili apate nguvu za kupambana na Ufaransa na Hispania. Alimtumia Oswald, mtu mpole ambaye Franklin alimpenda. Tarehe 10 Julai Franklin alimsomea Oswald orodha ya mambo: manne ya lazima (uhuru kamili, mipaka, Canada kurudishwa kwenye mipaka yake ya zamani, na uvuvi wa Newfoundland) na mengine ya kufikiriwa, likiwemo la Uingereza kuiachia Canada yote. Inafaa kutambua kwamba Franklin, anayesifiwa kwa uaminifu wake kwa Ufaransa, hakumpa Vergennes, waziri wa mambo ya nje, nakala ya orodha hiyo. Mzee naye alikuwa na yake. Tofauti ni kwamba yeye hakupiga kelele.

Jina, kisha ramani

Mwezi Agosti hati ya mamlaka ya Oswald iliwasili. Ilimruhusu kuzungumza na wajumbe wa "makoloni". Jay, wakili, aligoma papo hapo. Mtu anayekubali kuketi mezani kama koloni amekwisha kukubali kwamba uhuru wake ni zawadi atakayopewa mwishoni, na zawadi ina bei. Alitaka hati itaje Marekani kwa jina lake.

Tarehe 10 Agosti yeye na Franklin walikwenda Versailles kumuuliza Vergennes. Vergennes alisema jina si kitu. Mbona Mfalme wa Uingereza bado hujiita pia Mfalme wa Ufaransa, na hilo halikumzuia Mfalme wa Ufaransa kuzungumza naye? Ni jibu la mtu mwenye akili na ni la kweli. Franklin aliridhika. Jay alisikia kitu kingine: kama Wamarekani watambuliwe mwisho na si mwanzo, basi watabaki wakimhitaji Mfaransa mpaka Hispania ipate jabali lake.

Simulizi ya ukoo inasema kwamba jioni moja huko Passy, nyumbani kwa Franklin, mzee alimuuliza kama kweli angethubutu kuvunja maelekezo ya Kongresi. Jay akajibu, "Kama ninavyovunja kiko hiki," akalirusha bomba lake la tumbaku kwenye meko likapasuka. Simulizi za ukoo hupenda kupigwa msasa, lakini hii inaendana na mtu.

Jambo la pili lilikuwa ramani. Balozi wa Hispania mjini Paris, Conde de Aranda, alimkaribisha Jay ofisini, akatandaza ramani kubwa ya Amerika Kaskazini iliyochorwa na John Mitchell mwaka 1755, akamuuliza mpaka wenu uko wapi. Jay akaweka kidole juu ya Mississippi. Aranda naye akachora mstari mwekundu kutoka eneo la Ziwa Erie kuelekea kusini, mamia ya maili mashariki ya mto. Kila kilichokuwa kati ya mstari ule na kidole cha Jay, Hispania haikutaka kiwe cha Marekani.

Jay alipopeleka malalamiko kwa Wafaransa, aliyepewa kazi ya kusuluhisha alikuwa katibu wa Vergennes, Gérard de Rayneval, mdogo wake yule Gérard aliyevunjikiwa milingoti na Jay. Tarehe 6 Septemba Rayneval alitoa andiko la mapendekezo. Lilikuwa la kati na kati, lakini halikumpa Jay mto. Kwa mara ya kwanza alikuwa na ushahidi kwa maandishi kwamba mshirika wake mkuu haoni sababu ya Marekani kufika Mississippi.

Siku chache za Septemba

Franklin wakati huu alikuwa kitandani, akisumbuliwa na vijiwe na ugonjwa wa jongo. Kwa hiyo kwa majuma kadhaa, ujumbe wa Marekani ulikuwa ni Jay peke yake.

Tarehe 9 hivi alipata habari kwamba Rayneval ameondoka kwenda Uingereza, akitumia jina la bandia. Kesho yake Waingereza wakampa nakala ya barua waliyoinasa, iliyoandikwa Machi na Barbé-Marbois, ofisa wa ubalozi wa Ufaransa huko Philadelphia, akimshauri Vergennes asiunge mkono madai ya Wamarekani juu ya uvuvi. Unganisha ramani, andiko, safari ya siri na barua. Jay aliviunganisha usiku mmoja.

Tarehe 11 Septemba akamtuma London mtu mmoja, Benjamin Vaughan, amwambie Shelburne uso kwa uso: faida ya Uingereza ni kuikata kamba inayoifunga Marekani kwa Ufaransa, na njia ya kuikata ni kuitambua Marekani kuwa ni mwenzi wa kuzungumza naye, kuiachia mto na kuiachia samaki. Hakumwambia Vergennes, na hakumwambia Franklin. Vaughan mwenyewe alikuwa rafiki wa Franklin, tena ndiye aliyewahi kuhariri maandishi yake. Jay alimwazima rafiki wa mzee ili kufanya jambo ambalo mzee hakuambiwa.

Hapa ndipo Jay aliyavunja maelekezo. Mengi yaliyofuata yalikuwa kazi ya makarani. Baraza la mawaziri la Uingereza lilikubali, hati mpya ya Oswald ikaandikwa ikitaja "Thirteen United States of America", ikamfikia Paris tarehe 27. Tarehe 5 Oktoba rasimu ya kwanza ya mkataba ilikuwa mezani, kwa mkono wa Jay.

Sasa tupime. Je, shuku zake zilikuwa za kweli? Kwa sehemu kubwa alikosea sababu. Rayneval alikwenda Uingereza hasa kwa ajili ya Gibraltar na madai ya Hispania, kupima kama Shelburne ni mkweli. Barua ya Marbois ilikuwa maoni ya ofisa mmoja, na Waingereza hawakumpa Jay kwa kumhurumia. Waliona ufa wakaingiza kabari. Mtu makini angelijiuliza kwa nini adui anakuwa mkarimu hivyo.

Lakini kwenye kiini alipatia. Rayneval, alipokuwa na Shelburne, alimwambia kwamba Ufaransa haiungi mkono madai ya Wamarekani juu ya mipaka na uvuvi. Vergennes hakuwa msaliti. Alikuwa waziri wa Ufaransa, na Ufaransa ilitaka Marekani iliyo huru, si lazima iwe kubwa. Alitaka pia kumpa Hispania kitu cha kumfuta machozi iwapo Gibraltar isingepatikana, na ardhi iliyo kati ya milima ya Appalachia na Mississippi isingemgharimu yeye chochote. Jay alisoma dhamira kutokana na vidokezo visivyotosha, na dhamira ikawa ile ile.

Gharama ya ushindi wa jina

Hapa ndipo wanaomsifu Jay huharakisha, na mimi nadhani ndipo pa kukaa.

Tarehe 29 Agosti, kabla ya safari ya Vaughan, baraza la mawaziri la Uingereza lilikuwa tayari kuyakubali yale mambo manne ya lazima ya Franklin. Jay alikuwa amegomea kuendelea mpaka hati ibadilishwe. Majuma yakapita. Tarehe 13 Septemba Wahispania na Wafaransa walirusha shambulio lao kubwa juu ya Gibraltar kwa mabatari yanayoelea, majahazi mazito yaliyosemwa hayawezi kuungua. Yaliungua. Habari zilipofika London mwishoni mwa mwezi, mawaziri waliokuwa na hofu wakapata nguvu. Walipoisoma rasimu ya Oktoba waliikataa, wakamtuma Henry Strachey, mtumishi mzoefu na mkakamavu, akakae karibu na Oswald asije akagawa kila kitu.

Rasimu ya Oktoba ilikuwa imechora mpaka wa kaskazini kupitia Ziwa Nipissing. Ingelidumu, sehemu kubwa ya kusini mwa Ontario ya leo ingelikuwa Marekani. Mkataba wa Novemba ulirudisha mpaka kwenye Maziwa Makuu ya huko, na mashariki ukarudishwa kutoka mto St. John hadi St. Croix. Siwezi kusema kwamba bila mgomo wa Jay ardhi hiyo ingepatikana kwa hakika. Mikataba huvunjika kwa sababu nyingi. Ila aliyetaka jina kwanza alilipia kwa wakati, na wakati ule ulikuwa na bei kubwa. Isitoshe, mwishowe hakupata alichokidai mwanzo, tamko rasmi la uhuru kabla ya mazungumzo. Alipata neno ndani ya hati ya mamlaka, akaridhika. Franklin angelipata neno hilo hilo kwenye ibara ya kwanza ya mkataba.

Kuna jambo jingine lisilompamba. Katika kumshawishi Oswald, Jay alimtia moyo Mwingereza atumie majeshi yake yaliyoko New York na Charleston kuiteka tena Florida Magharibi kutoka kwa Hispania, mshirika wa mshirika wake. Mapatano yakaongezewa kipengele cha siri kuhusu mpaka wa kusini iwapo Uingereza ingeishika Florida hiyo. Yule aliyekasirishwa na safari ya siri ya Rayneval alikuwa anauza ramani ya siri ya kwake.

Alichovunja na ambacho hakukivunja

Adams alipoingia Paris tarehe 26 Oktoba alimuunga mkono Jay kwa furaha isiyofichika. Yeye na Vergennes walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mkutano wa kwanza na Waingereza ulipoanza tarehe 30, Franklin alimgeukia Jay akasema yuko pamoja nao na wataendelea bila kuuliza serikali ya Ufaransa. Hakueleza sababu. Nadhani alihesabu kura, akaona kwamba ujumbe uliogawanyika ni hatari kuliko ujumbe mkaidi.

Sasa, kisheria, kuna ahadi mbili hapa na watu huzichanganya. Maelekezo ya Kongresi yalivunjwa, hilo halina mjadala. Lakini mkataba wa 1778 haukuvunjwa. Mapatano ya Novemba yalijieleza wazi kwamba hayatakuwa mkataba mpaka masharti ya amani kati ya Uingereza na Ufaransa yakubaliwe. Jay wakili alikuwa amepima mahali pa kukanyaga: alikosana na bwana zake, akabaki ndani ya neno la taifa. Huu, kwa maoni yangu, ndio utetezi wake wenye nguvu kuliko habari zote za Mississippi. Maelekezo ni siri ya nyumbani, na aliyeyatoa anaweza kuyasamehe. Mkataba ni neno mbele ya dunia.

Kusema hivyo ni rahisi ukiwa umekaa mbali. Kwa Vergennes, tofauti hiyo ilikuwa nyembamba. Alishangazwa kwanza na ukubwa wa kilichopatikana. Aliandika kwamba Waingereza wamenunua amani badala ya kuifanya. Kisha, Wamarekani walipotaka kuyapeleka mapatano Philadelphia kwa meli yenye pasi ya Mfalme wa Uingereza, bila kusubiri Ufaransa imalize yake, tarehe 15 Desemba alimwandikia Franklin barua kali, akimuuliza mtu aliyejua adabu maisha yake yote anawezaje kufanya hivi.

Barua haikuandikiwa Jay. Iliandikiwa Franklin, na Franklin ndiye aliyeijibu baada ya siku mbili. Jibu lake ni la kusomwa na kila anayetaka kazi ya ubalozi. Alikiri kosa dogo kuliko lililodaiwa: wamepungukiwa adabu, hawakuvunja mkataba. Akasema hakuna kilichokubaliwa kinachoiumiza Ufaransa, na hakuna amani mpaka Ufaransa iipate yake. Kisha, kana kwamba amekumbuka tu, akaongeza kwamba amesikia Waingereza wanajigamba wamekwisha kuwagawanya, na kwamba itapendeza kutoelewana huku kudogo kubaki siri ili wajikute wamekosea. Vergennes akabaki na njia mbili: kukasirika hadharani na kuwapa Waingereza furaha, au kumeza. Alimeza, na akatoa mkopo mpya wa livre milioni 6, ambapo livre 600,000 za mwanzo zilipakiwa kwenye meli ile ile iliyobeba mapatano.

Ujasiri wa Jay uliwezekana kwa sababu nyuma yake alikuwapo mtu mwenye akiba ya mapenzi ya miaka sita Paris, na ambaye alikubali kuitumia akiba hiyo kwa uamuzi ambao hakushirikishwa. Jay alimshukuru Franklin kwa heshima baadaye, na hilo linampa sifa.

Wasioitwa mezani

Ardhi ile kati ya milima na Mississippi haikuwa tupu. Ilikuwa ya Washawnee, Wacherokee, Wacreek na mataifa mengine, na mkataba hauwataji hata kwa neno moja. Aranda alichora mstari, Jay akaweka kidole, Rayneval akatafuta kati na kati, wote juu ya karatasi.

Wametajwa Weusi, mara moja. Henry Laurens wa South Carolina alifika Paris tarehe 29 Novemba, siku moja kabla ya saini, na akataka kiongezwe kifungu: majeshi ya Uingereza yakiondoka yasichukue "Weusi wala mali nyingine" za Wamarekani. Oswald hakubisha. Yeye na Laurens walifahamiana zamani. Oswald alikuwa mmoja wa wenye kituo cha kuuzia watumwa katika kisiwa cha Bunce, Sierra Leone, na Laurens alikuwa wakala wake Charleston. Hakuna kifungu kilichopita kwa urahisi kama hicho.

Familia ya Jay ilikwenda Ulaya na mwanamke mtumwa aliyeitwa Abigail. Mwaka 1783, Jay akiwa amekwenda Uingereza, Abigail alitoroka nyumbani kwao Paris. Mjukuu wa Franklin alisaidia kumpata kupitia polisi, akafungwa jela, na kwa muda akakataa kurudi. Aliugua humo ndani, akarudishwa kwa Sarah Jay, akafa muda mfupi baadaye. Mwenye nyumba alikuwa mtu yule yule aliyegoma majuma mazima kwa kuwa hati ilimwita kwa jina la mtu asiye huru. Jay baadaye, akiwa Gavana wa New York, alitia saini sheria ya 1799 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua katika jimbo hilo. Abigail alikuwa kaburini miaka 16.

Barua kutoka Philadelphia

Robert Livingston, katibu wa mambo ya nje wa Kongresi na rafiki wa Jay tangu ujana, aliandika Machi 1783 kuwasifu wajumbe kwa masharti waliyopata na kuwakaripia kwa kuificha Ufaransa, hasa kile kipengele cha siri. Ndani ya Kongresi kulikuwa na waliotaka Wafaransa waonyeshwe kipengele hicho mara moja. Mjadala ulipoanza kuwaka, habari zikafika kwamba Uingereza, Ufaransa na Hispania nazo zimesaini mapatano ya awali tarehe 20 Januari. Hispania haikupata Gibraltar, lakini ilibaki na Florida, na kipengele cha siri kikafa chenyewe. Jay alijibu karipio kwa urefu, bila kuomba radhi. Mkataba kamili ulisainiwa Paris tarehe 3 Septemba 1783, na Kongresi ikauridhia Januari 1784. Mchoraji Benjamin West alianza picha ya wajumbe wa pande zote mbili. Upande wa Wamarekani ulikamilika, wa Waingereza haukuchorwa kamwe. Jay amesimama kushoto kabisa.

Kuna vifungu ambavyo havikutekelezwa. Uingereza haikuondoka kwenye ngome za Maziwa Makuu, na Wamarekani wengi hawakulipa madeni yao kwa wafanyabiashara wa London. Miaka 12 baada ya Paris, Rais Washington alihitaji mtu wa kwenda London kuyamaliza, akamtuma Jay, wakati huo Jaji Mkuu. Alirudi na mkataba wa Novemba 1794. Seneti iliupitisha kwa kura 20 dhidi ya 10, yaani theluthi mbili kamili bila kura ya ziada, na katika miji mingi sanamu za Jay zikachomwa moto. Safari hii alikuwa London peke yake. Franklin alikuwa amekufa tangu 1790.